Kitabu Alichoachiwa Perry

Jumatatu, 19 Agosti

Tumemzika Mhubiri Joas leo asubuhi. Vigari vya farasi vilipangana mpaka njia panda, na mtalii mmoja akasimamisha gari lake kuwapiga picha Waamishi, Wakristo wasiotumia magari, wakiwa msibani, Mungu amsamehe. Joas alihubiri hapa Ohio tangu mimi msichana, hakuwahi kushika karatasi, na amefia zizini akikamua ng'ombe. Tulipokuwa tunaosha vyombo, mke wa Shemasi Roman akasema taratibu kwamba sasa itabidi apatikane mwingine. Wanawake wote wakaendelea kuosha, kila mmoja akimwaza mumewe. Nawajua. Mimi nilimwazia wangu.

Kwetu hakuna anayeruhusiwa kuitaka kazi hiyo. Mhubiri hasomei popote wala halipwi. Majina yanatajwa, kura inapigwa, Mungu anamwonyesha amtakaye, na huyo atahubiri mpaka azikwe. Mtu akionekana anaitaka, tayari hafai. Basi naandika hapa ambapo hakuna wa kuniona: naitaka. Naitaka kwa ajili ya Tobias, na nikisema ukweli wote, naitaka kwa ajili yangu.

Alhamisi, 22 Agosti

Tumekata mahindi ya malisho. Wanaume kumi na wawili mezani, joto la kufa mtu, mikate yote imeisha.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimekwenda kumwona Mama. Anaishi kwenye nyumba ndogo uani kwa mdogo wangu Orpha, ingawa mimi nilishampakia rangi chumba kwangu na kumwekea jiko. Alisema kwa Orpha kuna watoto na yeye anapenda kelele. Mimi nilipokuwa na watoto wadogo alikuwa akisema kelele zinamwumiza kichwa.

Nimewakuta wanamenya viazi wanacheka. Nikauliza wanacheka nini.

"Shemeji yako," Orpha akasema. "Jana kasinzia kwenye sala ya chakula. Watoto wamesubiri, supu imepoa, baba yao anakoroma."

"Na wewe unacheka?"

"Sasa nilie, dada? Nimemwamsha na kijiko."

Huyo ndiye Perry. Mtu mwema, mkono wazi, kichwa kizito. Kanisani anasinzia wimbo wa kwanza haujaisha. Tobias wangu anasoma Biblia yetu ya Kijerumani asubuhi kabla ng'ombe hawajaamka, na akisali mezani, hata wanangu wakubwa wanaacha kukanyagana miguu. Mtu mwenye macho anaona tofauti. Lakini tangu utotoni mambo humfuata Orpha bila yeye kuyaita. Saa ya ukutani ya bibi ilimwendea yeye. Nywele zake hazijatoa mvi. Hata ule mti wake wa matofaa, ambao haupogoi, unazaa kuliko wangu.

Jumapili, 8 Septemba

Ibada imefanyika kwa kina Schlabach. Askofu Mahlon ametangaza kwamba kura itapigwa mwezi ujao, siku ya Meza ya Bwana. Tobias alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilitazama wanaume waliokuwa wanamtazama Tobias.

Jumanne, 17 Septemba

Tumepika matofaa kwa Orpha, sufuria ile kubwa ya shaba, tukipokezana mwiko mrefu tangu asubuhi. Wanawake kumi, na domo juu yake. Mke wa Roman akaanza.

"Malinda, naona unajifunza kukaa wima. Unafanyia mazoezi benchi la mbele, la wake wa wahubiri?"

Wakacheka. Nami nikacheka, maana ukinuna umekwisha. Nikasema benchi la mbele halina pa kuegemea, mgongo wangu hauliwezi.

"Tobias atateuliwa huyo," mwingine akasema. "Sauti tu ile."

"Tusiseme hivyo," Orpha akasema, na mara hii hakuwa anacheka. "Tumwombee yeyote atakayeangukiwa. Mimi naomba tu isipite karibu na kwetu."

Isipite karibu na kwetu. Nilikoroga matofaa nikiwaza, nani kakwambia ilikuwa na mpango wa kupita huko? Mtu anayekataa kitu ambacho hajapewa amejipa kwanza moyoni. Nimerudi na mitungi ishirini, mkono umevimba, na maneno hayo matatu manne bado nayarudia.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua. Mahindi yanalala chini. Tobias haongei sana siku hizi. Nilimwuliza kama anaogopa. Akasema, "Kitakachokuwa kiko mikononi mwa Bwana." Ni jibu zuri la mhubiri.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya kuulizwa. Shemasi Roman alipita upande wetu akimwuliza kila mmoja kama ana amani na Mungu na amani na watu wote, maana asiye na amani hasogei kwenye Meza ya Bwana. Orpha alikuwa benchi la mbele yangu na mtoto mchanga begani. Nywele zimemtoka kwenye kofia na hata hivyo anapendeza.

Roman akaniuliza. Nikasema, "Nina amani." Nimeyatamka vizuri, bila kukohoa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimefua. Nimeshona kola mpya ya Tobias. Aliniona, hakuuliza ni ya nini.

Jumapili, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Ibada ya Meza huchukua siku nzima. Askofu Mahlon alipitia habari yote, tangu Adamu, na Isaka na Ishmaeli, na Yakobo akiwa tumboni bado na tayari amechaguliwa kabla hajafanya jema wala baya. Tumeambiwa hayo kila mwaka na kila mwaka natikisa kichwa kukubali. Leo nilimwonea huruma Esau kwa mara ya kwanza.

Wakati wa kutawadhana miguu mtu humchukua aliye karibu. Nilikuwa nimejipanga karibu na mjane wa Joas. Orpha akaja akapita katikati, akakaa, akavua soksi. Nikapiga magoti nikamwosha. Ana miguu midogo, amewahi kusifiwa kwa hiyo miguu. Alipoinama kuniosha wangu, alinong'ona, "Dada, nimeota vibaya. Niombee isije kwetu." Tukapeana busu la amani kama inavyotakiwa. Hata siku hii, hata miguuni pangu, bado ni kwake, kwake, kwake.

Kisha ikawa kupiga kura. Askofu na shemasi wanakaa chumba cha ndani, mlango unafunguliwa kiasi cha uso, na kila mmoja wetu, wanaume kwa wanawake, anapita ananong'oneza jina moja. Aliyetajwa na watatu au zaidi anaingia kwenye kura. Mke hamtaji mumewe. Ingekuwa aibu isiyofutika. Nilikuwa nimeamua kumtaja kijana wa Schlabach, mtu asiye na madhara.

Nikafika mlangoni. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Perry."

Shemasi Roman aliinua macho. "Perry wa Orpha?"

"Huyo huyo."

Naandika sababu yake kama ilivyo. Sikumtaja kwa kuwa anafaa. Nilitaka aitwe mbele, akae pale mbele za watu na uso wake wa usingizi, na watu wamwone, na Orpha awaone watu wakimwona. Basi. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilijua kura haiwezi kumwangukia mtu wa namna ile, maana Mungu si kichaa.

Askofu akatoka akasoma majina. Watano. Tobias akiwemo, nami nikashika benchi. Jina la mwisho likawa Perry. Sikusikia mtu akicheka. Nilisikia Orpha nyuma yangu akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya kisima.

Mezani viliwekwa vitabu vitano vya nyimbo, kila kimoja kimefungwa uzi. Ndani ya kimoja kuna kipande cha karatasi chenye mstari wa mitume walipopiga kura kuijaza nafasi ya Yuda, na atakayekipata ndiye mhubiri. Wanaume huchukua kwa kufuata umri. Mzee wa kwanza akachukua cha pembeni. Wa pili alikuwa Tobias.

Niliona kila kitu, nilikuwa pembeni ya dirisha. Tobias alinyoosha mkono kwenye kitabu cha katikati. Vidole vilikaa juu ya jalada. Halafu mkono ukahama, akachukua cha kushoto. Wa tatu akachukua, wa nne akachukua, na wote wakakipita kile cha katikati. Perry ndiye mdogo kuliko wote. Kilikuwa kimebaki hicho kimoja. Hakuchagua, aliachiwa.

Askofu akafungua vitabu kimoja kimoja. Cha mzee, hakuna. Cha Tobias, hakuna. Nilimwona Tobias akifumba macho. Askofu alipofika kwa Perry akafungua uzi, akageuza kurasa mbili tatu, akatulia. Perry akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, kamasi mpaka kwenye ndevu. Orpha alikunja uso kwenye aproni, na wanawake wakamzunguka, wakamshika, wakalia naye. Wote walimkimbilia yeye. Mimi pia nililia, na mjane wa Joas akanipapasa mgongo akisema, "Mdogo wako, masikini." Nikamwachia aamini hivyo.

"Bwana amechagua," Askofu akasema.

Mkono wa Tobias ulikuwa juu ya kitabu hicho. Ulikuwa juu yake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepiga pasi hata mataulo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimepita kwa Orpha na mkate. Barazani pana vyakula vya watu kumi, tambi, keki, kuku mzima. Kwangu nilipojifungua kwa shida yule wa pili waliniletea supu ya maharage. Mke wa Roman alikuwa anamwuliza Orpha kama kofia yake mpya ina mikunjo ya kutosha. Anamwuliza Orpha, ambaye kola za mumewe anazipiga pasi akikumbuka. Orpha akamjibu kwamba hajui, amwulize Malinda, Malinda ndiye anajua. Nikasema mikunjo inatosha. Haikutosha.

Perry hakuwepo. Mama akasema yuko ghalani anajaribu kukariri.

"Halali sasa," Mama akasema. "Yule aliyekuwa analala kwenye sala."

Nimefurahi kusikia hivyo. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Jumatano, 30 Oktoba

Baridi ya kwanza, bustani imekufa. Mahindi ya Tobias tumeyamaliza kumenya. Ya Perry bado yamesimama.

Jana nilimwambia Tobias, "Mkono wako ulikuwa pale." Akainuka akaenda kuwapa farasi maji. Alikuwa ameshawapa.

Jumapili, 3 Novemba

Leo Perry amehubiri mara ya kwanza. Nilivaa mapema. Nilitaka nafasi ninayoweza kumwona uso. Mungu aliyenijua tumboni anajua nilikwenda kutazama nini.

Alisimama, akashika mkono mmoja kwa mwingine, akakaa kimya mpaka watoto wakaanza kugeuka. Kisha akaanza na gharika, akaenda vizuri kidogo, akawaingiza wanyama, akamwingiza Nuhu na wanawe, halafu akamwingiza Yona. Yona ndani ya safina. Vijana nyuma wakaumana midomo. Kijana wangu mkubwa mabega yakamtikisika. Nikasema moyoni, hapo sasa.

Perry akasikia mwenyewe alichosema. Akajikuna ndevu.

"Nimemkosea Yona," akasema. "Lakini amezoea shida."

Watu wakacheka, hata Askofu. Walicheka kwa kumpenda. Nilikaa hapo na kicheko changu nilichokuja nacho, kikawa hakina pa kwenda.

Halafu akasema maneno ambayo nayaandika jinsi nilivyoyasikia. "Mnajiuliza Mungu aliona nini kwangu. Mimi najiuliza zaidi yenu. Nimemwuliza ghalani, nimemwuliza shambani, hajanijibu. Mahindi yangu yalipolala kwa mvua hakuniuliza kwanza. Mwanangu alipopona homa hakuniuliza. Anatawala yote hayo bila ushauri wangu, na mimi nilikuwa naona sawa tu mpaka aliponigusa mimi. Basi sasa nami ni kama hayo mahindi. Sijui zaidi ya hapo." Akakaa. Haikufika hata nusu ya muda wa Joas. Si mahubiri makubwa. Nimesikia makubwa zaidi mezani kwangu.

Upande wa wanaume, Tobias alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanapanda na kushuka.

Njiani kurudi, vijana wametutangulia na kigari chao, farasi anatembea tu, nikamwuliza, "Nini kimekuliza? Hata Yona hakumweka mahali pake."

Akasema, "Nilikigusa kile kitabu, Malinda."

"Najua. Nimekuambia niliona."

"Hukuona yote. Jalada lilikuwa limeinuka kidogo. Kidogo sana, lakini vidole viliona. Nikajua kipo humo. Nikatoa mkono."

Nikasema, "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Wewe? Unaogopa nini, wewe unayesoma mpaka..."

"Wewe ndiye uliyetaka," akasema. Hakusema kwa hasira. "Mimi nilikuwa nasoma kwa kuwa napenda kusoma. Wewe ukaanza kushona kola. Nikaona ukinipata humo hutaniona tena, utamwona mhubiri." Akavuta hatamu ingawa farasi hakuwa amefanya kosa. "Nimemtwisha Perry mzigo wangu. Nimemkimbia Mungu mbele ya watu wote na hakuna aliyeona."

"Askofu amesema Bwana amechagua."

"Ndiyo kinachonitisha," Tobias akasema.

Nimepika, nimeosha, nimekaa jikoni nikilizungusha jambo hili. Mimi nilimwingiza Perry kwa kijicho. Tobias akamwachia kwa woga. Labda sauti yangu haikuhitajika, labda bila mimi asingefikisha watatu. Hatuambiwi, na sitajua kamwe. Miaka yote nimeimba kwamba Mungu anatawala, nikidhani maana yake ni kwamba kila anayestahili atafikiwa, hata akichelewa, na kwa hesabu yangu waliostahili walikuwa wanakaa nyumba hii. Kumbe anaweza kuchukua takataka zangu, na za mume wangu, akapikia chakula cha watu wengine. Hakunishukuru kwa hilo. Wala hakusema si takataka.

Na bado, Mungu wangu, naona wivu. Kama hata ubaya wangu ulikuwa njia yako, mbona njia yenyewe ilielekea kwake?

Jumanne, 5 Novemba

Tobias amekwenda kwa Perry. Wamekaa ghalani muda mrefu. Amerudi akala sahani mbili. Nilimwuliza Perry alisema nini. "Alisema, 'Hata mimi ningekitoa mkono, ila hapakuwa na kitabu kingine.' Kisha akaniomba nimfundishe habari za Yona."

Jumamosi, 9 Novemba

Leo kanisa zima limekwenda kumenya mahindi ya Perry. Nimepangiwa safu na Orpha, gari la mahindi kando yetu, na ubao upande wake wa pili wa kuyazuia mahindi tunayorusha. Asubuhi kuna barafu kwenye majani, glavu zinalowa. Alikuwa amekonda. Chini ya macho pana weusi ambao nilidhani utanifurahisha kuuona.

"Dada," akasema, akitupa hindi, "natamani kuwajua waliomtaja Perry."

"Uwafanye nini?"

"Niwape watoto wangu wote sita, wiki nzima, na wa mwisho anaota meno."

Akacheka kidogo. Ningeweza kucheka naye tukaendelea. Nikamenya hindi moja, nikamenya la pili.

"Mmoja ni mimi," nikasema.

Akasimama. "Wewe? Ulimwona anafaa?"

Alinipa njia ya kutokea, bila kujua, kama anavyogawa kila kitu. Ningesema ndiyo tu.

"Hapana. Nilitaka achekwe. Nilitaka wewe uone aibu."

Akavunja hindi, akalitupa, likagonga ubao. Akavunja jingine, likagonga. Yalikuwa yanagonga kwa nguvu hata mke wa Roman safu ya tatu akageuka. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilitamani.

"Mimi nilimtaja Tobias," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Nilimtaja kwa kuwa anafaa. Na nilimwomba Mungu, kama lazima achukue mume wa mtu, achukue wako aniachie wangu. Nikakuosha miguu huku naomba hivyo. Jioni ile ulipopanda kigari na mumeo mzima, mnakwenda kulala, nilikuonea wivu, Malinda. Mpaka leo nakuonea. Naamka asubuhi naangalia moshi wa kwenu nasema, wale wamelala."

Nimengoja maneno hayo tangu nikiwa msichana. Siku moja tu Orpha anionee wivu, nilikuwa naomba, kitu kimoja tu nilicho nacho akakitamani. Nimepewa leo, shambani, na glavu zimelowa. Nilitafuta ile furaha nikakuta mdogo wangu amesimama analia, na mimi sijui mikono niiweke wapi.

"Nitawachukua," nikasema.

"Nani?"

"Watoto. Jumatatu. Wote sita."

"Anaota meno, nimekuambia."

"Nimesikia."

Akajifuta pua na glavu. "Basi wiki nzima. Usinirudishie Alhamisi."

"Wiki nzima."

"Na usidhani nimeshakusamehe," akasema. "Nitakusamehe, lazima nikusamehe, mimi mke wa mhubiri sasa. Lakini si leo."

Akarudi kwenye safu yake. Tulimenya, hindi lake, hindi langu, mpaka jua likafika juu ya ghala. Mama akatoka barazani kwenye nyumba yake ndogo, akaweka mkono juu ya macho, akaita kwa sauti, "Orpha, umekula, mwanangu?"

Mimi hakuniita. Nikaona wivu, pale pale, mpya kabisa. Kisha nikainama nikamalizia safu yangu, na iliyobaki ya Orpha.